Kabla Hujaomba Uzamivu wa Tiba kwa Vitendo

Vijana wa fani ya tiba kwa vitendo, ambayo Kenya wengi huiita tiba kazi, wakianza kufikiria uzamivu huuliza kwanza ni chuo gani, kisha nani atalipa. Ni maswali ya haki, ila yamewahi. Liko linalopaswa kuyatangulia: ni shida gani ya mgonjwa wako iliyokushinda, ukaenda vitabuni ukakuta navyo vimeshindwa, na bado inakusumbua ukirudi nyumbani? Mwenye jibu la swali hilo anajua achague chuo kipi, amwandikie msimamizi yupi na amweleze nini mfadhili. Asiye nalo anaweza kupata vyote vitatu, akafika mwaka wa tatu hajui anatafuta nini.

Ngoja nieleze ninachomaanisha kwa shida ya mgonjwa. Chukua mama wa Tanga aliyepata kiharusi, upande wa kulia umelegea. Wodini amefundishwa kukaa, kusimama, kuvaa gauni kwa kuanza na mkono dhaifu. Karatasi ya tathmini inasema anaendelea vizuri, anaruhusiwa. Nyumbani anaikalia mbuzi akune nazi, na hapo ndipo mambo yanapokwama. Kukuna nazi kunataka mwili mzima: kukalia kibao kilicho chini, kuinama mbele bila kuyumba, mikono miwili kwenye kizio, mmoja ukikandamiza na mwingine ukizungusha, jicho likilinda meno ya mbuzi yasifike kwenye ganda. Halafu kuna kukamua tui, kazi ya vidole. Akishindwa, binti anachukua nafasi yake, kwa mapenzi kabisa, na kuanzia siku hiyo mama anakuwa mgeni jikoni mwake. Mwanamume wa nyumba ya jirani ana shida nyingine. Mkono wake wa kulia haufiki kinywani, na kwenye sinia la pilau hawezi kupeleka wa kushoto mbele ya watu. Kwa hiyo haendi tena harusini wala hitimani. Mkewe anasema amekuwa mkimya.

Sasa weka mezani kipimo cha Barthel, kilichochapishwa mwaka 1965 na kinachotumika mpaka leo karibu kila pembe ya dunia. Kina vipengele 10 na jumla ya alama 100. Kinauliza kuhusu kula, kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kutembea, kupanda ngazi. Ngazi peke yake zina alama 10, hata kama nyumba ya mgonjwa haina ngazi hata moja na mtaalamu anajaza kwa kukisia. Choo cha kuchuchumaa na choo cha kukalia vinapata alama zilezile, ingawa magoti yanajua tofauti. Sinia halimo, mbuzi haimo. Sikidharau kipimo hiki, kimesaidia watu wengi na nina hakika kitaendelea kusaidia. Ninachosema ni kwamba kati ya karatasi ile na jikoni kwa yule mama kuna pengo, na mapengo ya namna hiyo ndiyo yanayostahili miaka minne ya maisha yako.

Wapo waliokwisha kuyaona wakayafanyia kazi. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliokuwa wakichunguza maradhi ya kupoteza kumbukumbu kwa wazee waliona kwamba vipimo vya shughuli za kila siku vilivyotoka nje havielezi maisha ya wazee wa vijiji vile. Wakatengeneza dodoso lao, IDEA-IADL, linalouliza shughuli ambazo jamii ile inatarajia mzee azifanye. Lilichapishwa mwaka 2014. Julius Kamwesiga, mtaalamu wa fani hii kutoka Uganda, alisomea uzamivu Karolinska Institutet, Uswidi, lakini shida aliyoifanyia kazi aliitoa kwao: wagonjwa wa kiharusi wako mbali na kliniki, wataalamu ni wachache, ila simu ya mkononi ipo nyumbani. Yeye na wenzake waliandaa mpango ambao mgonjwa na familia yake wanachagua shughuli tatu wanazotaka zirudi. Asubuhi ujumbe mfupi unawakumbusha, jioni mgonjwa anatuma alama za jinsi ilivyokwenda, na mtaalamu anajua nani apigiwe simu. Matokeo ya majaribio ya awali yalichapishwa mwaka 2018. Hakuna kifaa cha bei mbaya pale. Kuna mtu aliyeyatazama mazingira yake kwa makini, kisha akapata walimu wa kumfundisha kupima alichokiona.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhitaji chuo. Nunua daftari, liweke kwenye mfuko wa koti la kazi, na kwa miezi kadhaa andika kila mara unapojikuta unafanya jambo kwa mazoea huku moyoni una shaka. Mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo uliyempa kiti cha pembeni, ukaenda kumtembelea ukakuta kiti kimewekwa nguo. Fundi cherehani aliyekatika vidole uliyempa mazoezi ya kubana udongo, na yeye anauliza lini ataweza kupitisha uzi. Usiyapambe maneno. Baada ya muda utaona mambo mawili matatu yanajirudia, na moja kati ya hayo ndilo mbegu ya utafiti wako.

Bado si swali la utafiti, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. "Wagonjwa hawarudi kliniki" ni lalamiko. Ligeuze: wagonjwa gani, wa wilaya ipi, waliacha baada ya ziara ya ngapi, na wao wenyewe wanasema kwa nini? Nauli? Aliyekuwa akiwasindikiza kaanza kibarua? Au waliona mazoezi tunayowapa hayafanani na chochote wanachokifanya nyumbani? Kila jibu linaelekea utafiti wa aina yake. Ukishafika hapo, soma. Jarida la fani la Afrika Kusini, South African Journal of Occupational Therapy, linasomwa bure mtandaoni, na hospitali na vyuo vingi vya kwetu vimesajiliwa kwenye Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani unaofungua majarida ya kulipia. Muulize mkutubi wa taasisi yako nywila. Mara nyingi anayo na hakuna anayemuuliza.

Nikiwa hapo, neno moja kuhusu takwimu. Makadirio yaliyochapishwa kwenye The Lancet yalionyesha kuwa mwaka 2019 watu wapatao bilioni 2.4 duniani walikuwa na hali ambayo huduma za utengamao zingeisaidia. Ni hesabu ya kweli na nzito, na mwaka 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuimarisha huduma hizo. Itaje mara moja kisha teremka haraka wilayani kwako, kwa sababu maandiko mengi ya fani hii yanafunguliwa kwa sentensi hiyohiyo, na msomaji wa kamati ya ufadhili anachotaka kujua ni umeona nini ambacho mwingine hakukiona.

Tuje kwenye aina ya shahada, maana hapa kuna mkanganyiko unaowagharimu watu fedha. Kuna uzamivu wa utafiti, yaani PhD, unaokufanya mtafiti na kukufungulia mlango wa uhadhiri. Kuna pia udaktari wa kitaalamu, OTD, ulioenea zaidi Marekani. Huo wa pili nao una sura mbili. Wa kuingilia fani ni wa mtu anayeanza kusomea tiba kwa vitendo, na una wiki 14 za mradi wa mwisho, saa 560, juu ya mafunzo ya vitendo ya kawaida. Mwingine ni wa anayefanya kazi tayari na anataka kubobea katika uongozi, ufundishaji au eneo fulani la tiba. Mara nyingi husomwa mtandaoni. Bodi ya ithibati ya Marekani, ACOTE, huthibitisha programu za kuingilia fani peke yake. Maana yake ni kwamba OTD ya mtandaoni ya mtu aliye kazini, hata ikiwa nzuri, haikupi yenyewe leseni ya kutibu Marekani. Kwa hilo kuna NBCOT, chombo kinachotahini, na kabla ya mtihani kitachambua masomo yako yote ya awali. Waandikie mapema kabla hujalipa ada ya mtu yeyote. Angalia vilevile kama chuo ulichosoma kilikuwa kwenye orodha ya Shirikisho la Dunia la fani hii, WFOT, katika miaka uliyosoma wewe. Shirikisho hilo lilianzishwa mwaka 1952, na kiwango chake cha chini kinadai saa 1,000 za mafunzo ya vitendo, kwa hiyo tunza kumbukumbu za saa zako kama unavyotunza cheti.

Bado inazungushwa habari kwamba kuanzia 2027 kila mtaalamu Marekani lazima awe na udaktari. Ilikuwa na msingi: ACOTE ilitangaza hivyo mwaka 2017. Uamuzi ukasitishwa mwaka uliofuata, na mwaka 2019 ikathibitishwa kwamba njia zote mbili, uzamili na udaktari, zinabaki. Usiharakishwe na mtu anayekuuzia nafasi kwa kukutisha na huo mwaka 2027.

Kama nia yako ni kufundisha chuo kikuu Tanzania au Kenya, chukua PhD. Hapo sina kigugumizi. Ngazi ya mhadhiri kwa kawaida inataka hiyo, na fani yetu ina uhaba mkubwa wa walimu wenye nayo, jambo linalofanya wanafunzi wengi kufundishwa mbinu za utafiti na watu wa fani nyingine. Kabla ya kuondoka uliza Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, au kwa Kenya tume ya huko ya elimu ya vyuo vikuu, CUE, kama shahada ya chuo unachokiendea itatambuliwa. Na kama nia yako ni kuwa stadi zaidi wa kutibu mikono iliyoungua au watoto wenye shida ya kula, sikushauri uzamivu hata kidogo. Uzamili wenye mafunzo ya kliniki, kozi fupi nzuri, au mafunzo ya Shirika la Afya Duniani ya huduma za viti vya magurudumu yatamfaa mgonjwa wako mapema zaidi. Cheo cha "Dokta" kinanoga kwenye kadi ya mwaliko, lakini miaka minne ya usiku mrefu haibebeki kwa ajili ya kadi.

Mahali pa kusomea, Afrika Kusini ndiko karibu kwenye mizizi mirefu ya fani hii. Cape Town, Stellenbosch, Western Cape, Witwatersrand, KwaZulu-Natal vyote vina idara zake, na uzamivu wa huko kwa kawaida ni wa tasnifu, hauna madarasa mengi. Mtanzania na Mkongo wana nafuu moja: nchi zao ziko SADC, jumuiya ya maendeleo ya kusini mwa Afrika, na vyuo vingi vya umma huwatoza wanafunzi wa jumuiya hiyo ada inayokaribia ya wenyeji, pamoja na tozo za wageni. Mkenya na Mganda wapige hesabu yao tofauti. Uswidi utaratibu ni mwingine. Masomo ya uzamivu hayana ada, na nafasi nyingi hutangazwa kama ajira yenye mshahara; miaka minne ya kazi ya muda wote, tasnifu ikijengwa juu ya makala kadhaa unazochapisha njiani. Ushindani ni mkali, ila ni njia inayompa mtu mzima mwenye familia heshima yake. Na usipite mlango wa nyumbani bila kubisha. Muhimbili, KCMC ya Moshi na vyuo vikuu vya Kenya na Uganda vinatoa uzamivu wa afya ya jamii na sayansi za afya. Unaweza kujisajili huko ukawa na msimamizi wa magonjwa ya mishipa ya fahamu au wa afya ya jamii, na msimamizi mwenza wa fani yako aliye Cape Town au Stockholm. Cheti hakitaandikwa tiba kwa vitendo, lakini utafiti utakuwa wa tiba kwa vitendo, na utabaki karibu na wagonjwa unaowaandika.

Msimamizi ana uzito kuliko jina la chuo. Soma makala zake mbili au tatu mpaka mwisho, kisha mwandikie barua pepe ya ukurasa mmoja. Mwambie wewe ni nani na unatibu wapi, umeona nini kwenye kazi yako, swali lako ni lipi kwa sentensi mbili, na kwa nini kazi yake imekufanya umwandikie yeye. Acha sifa za bidii na uaminifu. Waombaji wote wanazo. Asipojibu, kumbusha mara moja baada ya wiki mbili tatu, kisha nenda kwa mwingine bila kinyongo. Akikubali kuzungumza nawe, nawe mhoji. Anarudisha sura iliyosomwa baada ya muda gani? Wanafunzi wake waliomaliza wako wapi? Nani huandikwa jina la kwanza kwenye makala? Takwimu zilizokusanywa kwenu zitahifadhiwa wapi na nani atakuwa na haki nazo? Hilo la mwisho waombaji wengi huona aibu kuliuliza. Liulize kwa adabu, ila liulize. Kisha watafute wanafunzi wake wawili, mmoja aliyemaliza na mmoja aliyeacha. Yule aliyeacha ana mengi ya kukufundisha.

Fedha. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola kwa Uingereza, Fulbright kwa Marekani, DAAD ya Ujerumani inayowafadhili pia wanaosoma ndani ya Afrika, na CARTA, muungano wa vyuo vya Afrika wenye ofisi Nairobi ambao umewapitisha wahadhiri wengi wa kwetu kwenye uzamivu wa afya: anza na hizo, na soma masharti ya mwaka husika kwa sababu hubadilika. Linalosahaulika ni gharama ya kukusanya taarifa. Kama utafiti wako unakwenda majumbani, na wa fani hii unapaswa kwenda majumbani, weka kwenye bajeti bodaboda, nauli ya mgonjwa na anayemsindikiza, chai, malipo ya msaidizi, na kazi ya kunakili mahojiano, ambayo hula siku nyingi kuliko unavyodhani. Mfadhili wa Ulaya hajui kwamba kijiji cha tatu hakifikiki masika. Mweleze.

Vibali navyo vina mwendo wake. Tanzania utapita kamati ya maadili ya chuo, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, NIMR, na, kadiri ya utafiti wako, tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH. Kisha barua inashuka kutoka kwa Katibu Tawala wa Mkoa kwenda kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, mpaka kwa mtendaji wa kijiji. Kenya kuna tume ya huko ya sayansi na teknolojia, NACOSTI, na idara ya afya ya kaunti. Chuo cha nje kina kamati yake pia. Hesabu miezi, na tumia miezi hiyo kujaribu dodoso lako na kujifunza programu ya uchambuzi. Mahojiano yafanye kwa Kiswahili, au kwa Kichaga, Kigiriama, lugha yoyote ambayo mgonjwa anaiota, na uyachambue katika lugha hiyo kabla ya kuyatafsiri. Ukitafsiri kwanza, utachambua maneno yako badala ya yake.

Liko jambo ambalo miongozo ya vyuo hailigusi, nami naliona kubwa kuliko ada. Hospitali nyingi za kwetu zina mtaalamu mmoja wa tiba kwa vitendo, na zipo zisizo naye kabisa. Ukiondoka miaka minne, kliniki ya watoto ya Jumatano inakuwaje? Usiliache swali hilo kwa mganga mkuu peke yake. Mwaka mmoja kabla, anza kumfundisha muuguzi au mfiziotherapia kazi za msingi: kumkalisha mtoto, kumlisha, kutengeneza kiti cha karatasi na maboksi kwa ufundi alioueneza Bevill Packer kutoka Zimbabwe, ambao kwa gundi ya unga na magazeti makuukuu unampa mtoto mahali pa kukaa wima. Omba mpango wa kwenda na kurudi, masomo nje na kazi ya utafiti nyumbani. Utapunguza pengo wodini na pengo nyumbani kwako.

Nyumbani nako kunahitaji kikao. Wanawake wa fani hii ni wengi, na wengi hupata nafasi wakati watoto wangali wadogo. Kaeni na mwenzio, bibi wa watoto, dada au shangazi atakayebeba mzigo, muweke wazi nani atafanya nini na fedha zitatoka wapi mwezi wa kwanza ambao posho itachelewa, maana huchelewa. Kwa mwajiri dai kila kitu kwa maandishi: ruhusa ya masomo, mshahara utaendelea au utasimama, miaka mingapi utamtumikia ukirudi, na utarudi kwenye nafasi gani. Nimeona wenye shahada hii wakirejea na kupewa dawati la utawala lisilohusiana na mgonjwa wala mwanafunzi, kwa sababu hakuna aliyekuwa amepanga kazi yao. Kwa hiyo ndani ya makubaliano hayo andikeni siku mbili za kliniki kwa wiki, kipindi cha kufundisha wanafunzi, na muda wa kurudi vijijini kuwasomea matokeo wale waliokupa majibu. Mama wa Tanga ana haki ya kujua ulichoandika kuhusu jikoni kwake, na huenda akakusahihisha.